Kufuatilia fedha za NEMA na NEMC: uanze na mkaguzi, ombi la taarifa, Bunge au mfadhili?

Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Fidia hiyo ilitolewa kwanza mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, kisha ikarudi. Miongoni mwa wanaotakiwa kulipa yumo msimamizi mwenyewe, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Hapo ndipo watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha hesabu walipoanza kuuliza: mamlaka hii ina fedha kiasi gani? Deni kama hili linaandikwa wapi? Na ada na faini inazotoza huwa zinakwenda wapi?

Tanzania maswali ni hayo hayo kuhusu Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Nchi zote mbili zina sheria zinazoilazimisha taasisi ya mazingira kueleza fedha zake. Tabu ni kwamba maelezo hayo yametawanyika: mengine yako kwa mkaguzi, mengine bungeni, mengine kwa mfadhili aliye ng'ambo, na mengine hayatoki mpaka uyaombe kwa barua. Anayeanzia pasipomfaa hupoteza miezi. Ninalinganisha njia nne kwa ajili ya watu wa asasi ndogo, waandishi wa habari wa mikoani na kaunti, na viongozi wa mitaa wenye kesi na kiwanda jirani.

Tuanze na zinakotoka fedha zenyewe. NEMA iliundwa na sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999. NEMC ilianzishwa 1983, ikapewa meno na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zote mbili zinaishi kwa mikondo ile ile: ruzuku ya Serikali, ada za tathmini ya athari kwa mazingira na za vibali, faini, na miradi ya wafadhili. Sheria za nchi zote mbili zimeunda pia mifuko ya mazingira. Kenya, Mfuko wa NETFUND ni taasisi yenye hesabu zake, kwa hiyo ukisoma hesabu za NEMA peke yake umesoma nusu ya habari. Kwa Tanzania kuna jambo jingine la kuangalia: taasisi za umma zisizo za kibiashara hutakiwa kupeleka asilimia 15 ya mapato ghafi katika Mfuko Mkuu wa Hazina, chini ya usimamizi wa Msajili wa Hazina. Utafute mstari wa mchango huo kabla ya kuilaumu taasisi kwamba imekusanya mengi ikakagua viwanda vichache.

Hesabu zilizokaguliwa

Hii ndiyo njia ninayoipa uzito mkubwa kuliko zote, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote.

Mwaka wa fedha katika nchi zote mbili unaisha tarehe 30 Juni, na taasisi ina miezi mitatu kufunga hesabu na kuzipeleka kwa mkaguzi. Baada ya hapo njia zinaachana. Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, humkabidhi Rais ripoti zake mwisho wa Machi. Ibara ya 143 ya Katiba inataka Rais aziwasilishe bungeni ndani ya siku saba tangu Bunge lilipoanza kikao, na asipofanya hivyo, CAG mwenyewe azipeleke kwa Spika. Ndiyo maana kila Aprili magazeti yanajaa CAG. Kenya, ibara ya 229 inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani hadi 31 Desemba, kisha Bunge lina miezi mitatu ya kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Kwa maandishi Kenya iko mbele. Kwa vitendo, tarehe ya Tanzania ndiyo unayoweza kuipangia kazi, maana Aprili inajulikana na kila mtu anaingoja.

Tofauti kubwa zaidi iko katika umbo la ripoti. Kenya, ofisi ya Mkaguzi Mkuu, inayoongozwa na Nancy Gathungu tangu 2020, hutoa ripoti ya kila taasisi peke yake, imeunganishwa na hesabu zake kamili. Unafungua faili moja lenye jina la NEMA na kila kitu kimo. Tanzania, kinachosomwa na wengi ni ripoti kuu za mwaka: Serikali Kuu, serikali za mitaa, mashirika ya umma, miradi ya maendeleo, mifumo ya TEHAMA, na ukaguzi wa ufanisi. Mazingira hujitokeza kwa aya huku na kule. Usitafute neno "NEMC" pekee kwenye faili. Tafuta pia "Baraza la Taifa la Hifadhi", "tathmini ya athari" na "taka", la sivyo utapitwa. Faida yake ni kwamba CAG huchapisha ripoti kuu kwa Kiswahili pia. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukaa na ripoti hiyo mwenyewe, akapiga mstari, akaipeleka mkutanoni. Mwenzake wa Mombasa atahitaji mtu wa kumfasiria Kiingereza cha wakaguzi, na Kiingereza hicho hata wenye shahada kinawachosha.

Sasa hati, yaani maoni ya mkaguzi juu ya hesabu. Kuna hati inayoridhisha, ambayo mtaani tunaiita hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na pale mkaguzi aliposhindwa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi. Vichwa vya habari huishia hapo. Mimi kwa taasisi ya mazingira naona hati ndiyo sehemu yenye habari ndogo kuliko zote. Hati safi inathibitisha kwamba hesabu zimeandikwa kwa viwango na hazina upotoshaji mkubwa. Taasisi inaweza kutoza faini viwanda vyote vya mji, ikaziandika vizuri kama fedha inazodai, ikakiri vizuri kwamba huenda nyingi hazitalipwa, isikusanye hata robo, na bado ikapata hati safi. Mto nao ukaendelea kunuka.

Ripoti za Kenya zina nafuu hapa. Katiba inamtaka mkaguzi aseme pia kama fedha zimetumika kwa kufuata sheria na kwa kuleta tija, kwa hiyo ripoti ina sehemu tatu: maoni juu ya hesabu, uhalali na tija ya matumizi, halafu udhibiti wa ndani na utawala. Ruka ya kwanza, nenda ya pili. Huko ndiko hukaa hoja, yaani kasoro anazozihoji mkaguzi: za manunuzi, nafasi za kazi zilizoachwa wazi, na miradi iliyolipiwa isiyokamilika.

Baada ya hapo fungua maelezo ya hesabu, zile kurasa za nyuma zenye namba kwa namba. Nchi zote mbili zinatumia viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS, kwa hiyo ukijua kusoma za NEMA utazisoma za NEMC. Maelezo manne yanatosha. La kwanza ni mgawanyo wa mapato: ada ni ngapi, ruzuku ngapi, faini ngapi. Mamlaka inayoishi kwa ada za vibali ina sababu ya kupenda vibali vingi, na jambo hilo linastahili kusemwa waziwazi. La pili ni wadaiwa na umri wa madeni yao. La tatu ni madeni tarajiwa, yaani kesi na madai ambayo yanaweza kugeuka malipo. Dai la aina ya Owino Uhuru, kabla halijawa deni kamili, mahali pake ni hapo. Ukikuta kesi inayojulikana na nchi nzima haimo katika ukurasa huo, umepata swali zito la kumuuliza mkurugenzi. La nne ni jedwali la bajeti dhidi ya matumizi halisi, pamoja na sababu za tofauti. Sababu hizo zisome neno kwa neno. "Fedha hazikutolewa na Hazina" na "mchakato wa manunuzi ulichelewa" zinapeleka lawama kwa watu wawili tofauti kabisa.

Kenya inaongeza kiambatisho kinachoonyesha hoja za mwaka uliopita zimefikia wapi na nani anazishughulikia. Tanzania CAG naye hufuatilia utekelezaji wa mapendekezo yake ya nyuma. Hoja inayorudi mwaka wa tatu kwa maneno yale yale ina thamani kuliko hoja mpya yenye kiasi kikubwa.

Ukaguzi wa ufanisi nimeutaja juu juu, lakini kwa malalamiko ya uchafuzi ndio wa kwanza kuutafuta. Huo hauulizi risiti, unauliza kama kazi ilifanyika: viwanda vingapi vilipaswa kukaguliwa, vingapi vilikaguliwa, nani alifuatilia masharti ya cheti cha mazingira baada ya cheti kutolewa. Udhaifu wake ni kwamba haufanywi kwa mada ile ile kila mwaka, kwa hiyo unaweza kukosa wa karibuni unaohusu jambo lako.

Ombi la taarifa

Nchi zote mbili zilipitisha sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016, na zote zinamhusu raia. Zikiwekwa pamoja, ya Kenya ina nguvu zaidi kwa mwombaji.

| | Kenya | Tanzania Bara |
|---|---|---|
| Muda wa kujibiwa | siku 21 | siku 30 |
| Jambo la uhai au uhuru wa mtu | saa 48 | tumia njia ya kawaida |
| Ukikataliwa | tume huru ya malalamiko dhidi ya ofisi za umma, CAJ, maarufu kama Ombudsman | mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha rufaa kwa Waziri |
| Lugha ya hati za hesabu | Kiingereza | ripoti kuu hupatikana kwa Kiswahili pia |

Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na kuomba hakulipiwi. Unachoweza kudaiwa ni gharama ya nakala. Muda unaweza kuongezwa kwa siku 14 kama taarifa ni nyingi. Na wakinyamaza mpaka muda ukaisha, sheria inahesabu kwamba wamekataa, maana yake unaweza kwenda CAJ bila kungoja barua ya kukataliwa ambayo haitakuja. Watu wengi hawajui hilo na hukaa wakingoja.

Tanzania, rufaa kwenda kwa Waziri ni udhaifu ambao siwezi kuufunika. Taasisi na Waziri wako upande mmoja wa meza. Sheria hiyo pia ina adhabu kwa anayepotosha taarifa aliyopewa, kwa hiyo ukipewa jedwali lichapishe kama lilivyo, hesabu zako za kujumlisha na kutoa uziweke pembeni na useme ni zako. Tena sheria hii ni ya Bara. Mazingira si jambo la Muungano: Zanzibar ina mamlaka yake, ZEMA, na mkaguzi mkuu wake. Nimeona barua za malalamiko ya fukwe za Unguja zikiandikwa kwa NEMC. Hazifiki popote.

Pamoja na hayo, ombi la taarifa ndilo pekee linaloweza kukupa kitu cha mtaa wako. Ripoti ya mkaguzi haitakutajia faini ya kiwanda fulani katika wilaya fulani. Kwa hiyo usilitumie kuomba hesabu ambazo tayari ziko mtandaoni. Utachoma siku 30 kwa faili la dakika tano.

Kamati za Bunge na hotuba ya bajeti

Njia hii ni fupi kuieleza. Tanzania hesabu za mashirika huangaliwa na Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, PIC, na zile za Serikali Kuu huangaliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC. Kenya kamati ya uwekezaji wa umma imegawanywa mara tatu tangu 2022 ili kupunguza mrundikano. Faida ya kamati ni moja: afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, anajibu kwa mdomo, na katika jibu la mdomo huponyoka ukweli ambao barua ingeuficha. Hasara ni kwamba kamati huchelewa, wakati mwingine ikijadili hesabu za mkurugenzi aliyekwisha kuondoka.

Hotuba ya bajeti ya Ofisi ya Makamu wa Rais, ofisi inayoisimamia NEMC, husomwa bungeni Dodoma, ni ya Kiswahili na ina takwimu za mwaka huu huu: vyeti vilivyotolewa, ukaguzi uliofanyika, fedha zinazoombwa. Isome, lakini kumbuka ni maneno ya mwenye mali, hakuna mkaguzi aliyeyapitia. Kenya kuna pia ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, zinazotoka katikati ya mwaka. Kwa kufuatilia taasisi moja hazina kina. NEMA huonekana humo kama fedha iliyohamishwa kutoka wizarani, basi.

Faili la mfadhili

Hii wengi hawaijui, na kwa fedha za mabadiliko ya tabianchi ndiyo naipendekeza ya kwanza. NEMA na NEMC zote zimeidhinishwa kupokea fedha moja kwa moja kutoka Adaptation Fund, na NEMA imeidhinishwa pia na Green Climate Fund; yote miwili ni mifuko ya kimataifa ya tabianchi. Programu ya kwanza ya NEMA chini ya Adaptation Fund ilikuwa ya karibu dola milioni 10, na miongoni mwa watekelezaji wake ilikuwemo Mamlaka ya Maendeleo ya Pwani. NEMC imesimamia miradi ya Kongwa na Bunda. Adaptation Fund huweka hadharani pendekezo zima la mradi, bajeti kwa kila shughuli, na ripoti za maendeleo za kila mwaka. Unaweza kuona kisima cha kijiji fulani kilipangiwa kiasi gani, kisha ukaenda kukitazama kisima.

Hesabu za taasisi zitakupa mradi huo huo kwa mstari mmoja. Kwa hiyo kama swali lako ni la mradi wa mfadhili, usihangaike na mkaguzi mwanzoni. Chapa bajeti ya mradi, nenda kijijini, halafu ndipo urudi kwenye hesabu kuona kama jumla zinakubaliana. Kasoro: hati hizi ni za Kiingereza kizito, na shilingi zimegeuzwa dola, hivyo tofauti ndogo inaweza kuwa ya kiwango cha kubadilisha fedha tu. Usipige kelele kwa tofauti ya asilimia mbili.

Basi uchague ipi

Ukiwa na swali la taasisi nzima, yaani inakusanya nini na kinakwenda wapi, nenda kwenye hesabu zilizokaguliwa. Kenya kwa faili la NEMA na la NETFUND, Tanzania kwa ripoti ya mashirika ya umma, kisha uombe hesabu kamili kama aya hazitoshi. Ukiwa na kiwanda kimoja kinachokusumbua, ombi la taarifa, likiandamana na ukaguzi wa ufanisi kama upo. Mradi wa tabianchi, mfadhili. Bunge libaki la mwisho, wakati tayari unazo namba za kumpa mbunge wako aulize.

Kati ya nchi mbili hizi, kama asasi yako inafanya kazi pande zote, jambo la kawaida kwa walio mpakani Taveta na Holili au Lungalunga na Horohoro, anzia Kenya kwa kujifunza kusoma hesabu, kwa sababu kila kitu kiko faili moja. Uzoefu huo uhamishie Tanzania, ambako kwa Kiswahili cha CAG utaweza kuwashirikisha watu wengi zaidi.

Barua yenyewe iwe fupi. Mfano wa maneno: "Naomba nakala ya hesabu zilizokaguliwa za mwaka wa fedha ulioishia tarehe 30 Juni 2024, pamoja na maelezo yake yote." Barua ya pili: "Naomba orodha ya faini zilizotozwa katika wilaya hii kuanzia tarehe 1 Julai 2023 hadi 30 Juni 2024, ikionyesha tarehe, kiasi kilichotozwa na kiasi kilicholipwa." Ya tatu: "Naomba nakala ya majibu ya taasisi kwa hoja za mkaguzi za mwaka huo." Ziwe barua tatu zenye tarehe moja, kila moja na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiyaweka yote katika barua moja, kipengele kimoja wanachokiona cha siri kitatosha kuzuia vyote vitatu.